Kuku Mgonjwa Mikononi Mwako: Somo la Amana



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake wote.

Ndugu msomaji, somo letu la mara hii limeanzia kwenye banda la kuku, banda la mbao na mabati chakavu huko Namatala, katika Divisheni ya Industrial ya Jiji letu la Mbale. Hapo ndipo anapokaa shangazi yangu. Hukaanga chapati na mayai kando ya barabara, ile rolex tunayoijua wanafunzi wote. Ana kuku watano wa kienyeji. Wanne ni wa biashara, na mayai yao huishia kwenye kikaango. Wa tano ni wa mwanawe wa mwisho, mtoto wa miaka saba, ambaye alimlea tangu akiwa kifaranga na akamwita Kahawa kwa sababu ya rangi yake.

Ijumaa moja ya msimu wa mvua nilifika kwa shangazi baada ya swala ya Alasiri. Mtoto alinipokea njiani, na hata salamu alisahau. "Kaka, Kahawa hali."

Nilimkuta kuku amesimama pembeni peke yake, manyoya yamevimba, kichwa amekiingiza mabegani. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba na uso wa upande huo umevimba. Puani alitoka makamasi yenye harufu mbaya. Wenzake waligombania makombo ya posho, yeye hakuinua hata mguu.

Kesho yake asubuhi alipita mchuuzi wa kuku na baiskeli yake. Alimtazama Kahawa mara moja tu. "Hajati," alimwambia shangazi, "huyu hamalizi siku mbili. Nipe kwa 12,000, nitamfikisha sokoni kabla ya Adhuhuri. Ukimngoja afe utapata nini?"

Kuku mzima wa ukubwa ule shangazi asingemuuza chini ya 30,000. Lakini 12,000 ni bora kuliko mzoga. Akanigeukia: "Wewe ndiye unayesoma chuo. Niambie, nimpe nisimpe?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilisema kama tusemavyo wanafunzi: "Subiri kidogo shangazi, nitafute." Somo hili ndilo nililolipata katika kutafuta kwangu, kwa walioandika fiqhi na kwa mtaalamu wa mifugo.

1. Mnyama ana haki gani kwa aliye naye?

Wako watakaosema jambo hili ni dogo, kuku ni kuku. Tutazame basi mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.).

Anas bin Malik (R.A.) amesimulia habari za mdogo wake, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Mtume (S.A.W.) alipofika nyumbani kwao alikuwa akimtania mtoto huyo kwa kumuuliza kindege chake kimefanya nini. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Riwaya nyingine zinaeleza kuwa kindege kile kilikuwa kimekufa na Mtume (S.A.W.) akamkuta mtoto ana huzuni. Kiongozi wa umma mzima, mwenye shughuli za vita, wageni na wahyi, alipata nafasi ya kumuuliza mtoto habari za ndege wake.

Tunayo pia hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Tuangalie vizuri kosa lake. Hatukuambiwa kuwa alimpiga au alimchoma. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe. Kuku aliyefungiwa bandani ana hali hiyo hiyo: maji yake, chakula chake na usalama wake viko mikononi mwa aliyemfungia. Kwa upande wa pili iko hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Allah (S.W.) akamsamehe. Maswahaba walipouliza kama kuna malipo kwa wanyama, walijibiwa kuwa kuna malipo kwa kila chenye uhai.

Na kuna hadithi inayomtaja kuku mwenyewe. Ibn Umar (R.A.) aliwakuta vijana wamemfunga kuku na kumfanya shabaha ya kurushia mishale. Alimwendea yule kuku akamfungua, kisha akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kumfunga mnyama na kumuua kwa namna hiyo.

Wanazuoni walizikusanya dalili hizi wakatoa hukumu. Sheikh Izzud-Din bin Abdis-Salaam, aliyefariki Misri mwaka 660 Hijria (1262), ameorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu katika kitabu chake cha Qawa'id al-Ahkam. Haki ya kwanza ni kuwapatia mahitaji yao, hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Haki nyingine ni kutowaweka pamoja na wale watakaowadhuru.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Haki ya kuku wako haikutokana na mayai yake. Imetokana na kuwa yuko chini ya mkono wako. Akiacha kutaga, haki inabaki. Akiugua, haki inabaki, na hapo ndipo inapojaribiwa.

Tusivuke mpaka pia. Hakuna aliyesema ukope ada ya chuo ili utibu kuku. Chakula, maji na kutomtesa ni lazima. Dawa ni kwa kadiri ya uwezo wako. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunaifuata, mwenye mnyama wa kuliwa aliyeshindwa kumtunza anaamrishwa moja ya mambo matatu: amlishe, amuuze au amchinje. Kumwacha ateseke bandani hakumo katika matatu hayo.

2. Hatua ya kwanza: mtenge

Turudi sasa bandani. Kabla ya dawa, kabla hata ya kujua ugonjwa, mtoe kuku mgonjwa katikati ya wenzake.

Wapo ndugu wanaosita hapa kwa kusikia hadithi inayosema hakuna kuambukizana. Abu Hurayra (R.A.), aliyeipokea hadithi hiyo, ndiye pia aliyepokea makatazo ya Mtume (S.A.W.) ya kumpeleka ngamia mgonjwa kwa ngamia wazima. Wanazuoni wameziweka pamoja hivi: ugonjwa hauna nguvu yake wenyewe nje ya uwezo wa Allah (S.W.), kama walivyodhani watu wa Jahiliya, lakini Allah amejaalia sababu, na sisi tumeamrishwa kuzizingatia. Anayesema "ni kadari tu" huku kuku mgonjwa anakunywa chombo kimoja na wazima ameacha nusu ya mafundisho.

Sisi tulitumia boksi la sabuni lililotobolewa matundu ya hewa, tukatandika makapi makavu ya mpunga. Tuliliweka upande wa pili wa nyumba, mbali na banda. Kahawa alipewa chombo chake cha maji na cha chakula. Kila siku wazima walihudumiwa kwanza, mgonjwa mwisho, na aliyemhudumia alinawa mikono kwa sabuni na kubadilisha kandambili. Vyombo vya banda vilioshwa na matandiko yaliyolowa yakatolewa.

Kwa anayeswali: katika madhehebu ya Shafi kinyesi cha kuku ni najisi. Kukigusa hakutengui udhu, ila paoshwe palipoingia. Tenga nguo ya kazi hiyo, utapumzika na wasiwasi.

3. Hatua ya pili: joto, maji, chakula

Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, zaidi ya la mtu. Kuku aliyevimbisha manyoya anajaribu kuhifadhi joto hilo. Usiku wa mvua hapa kwetu chini ya Wanale una baridi, na kuku asiyekula hana cha kumpasha moto. Jaza maji ya moto kwenye chupa, izungushie kitambaa, iweke upande mmoja wa boksi ili akitaka asogee na akitaka aondoke. Usiweke jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake huua kuku, na huua watu pia.

Maji ni muhimu kuliko chakula. Kuku mkubwa mzima hunywa karibu robo lita kwa siku, na mgonjwa huacha kunywa kabla hujagundua. Mpe maji safi yenye glukosi kidogo. Chumvi isizidi, kwani kuku hudhurika nayo haraka. Asipoweza kunywa mwenyewe, mdondoshee tone moja moja pembeni mwa mdomo kwa sindano isiyo na ncha au kwa kijiko, umwache ameze. Usimfungue mdomo ukamwagia: tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, na wengi wamewaua kuku wao kwa maji waliyokusudia kuwaokoa nayo.

Chakula kiwe laini: posho iliyolowekwa, unga wa mukene kidogo, majani ya dodo yaliyokatwa. Weka kidogo, toa kilichobaki kabla hakijachacha. Tazama gole lake, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Kwa kawaida hujaa jioni na kuwa tupu asubuhi. Likiwa gumu na limejaa asubuhi, chakula kimekwama, mweleze mtaalamu.

Kazi hii tulimkabidhi mtoto chini ya uangalizi wa mama yake. Alikuwa akiamka Alfajiri kumtazama Kahawa, na akishaamka shangazi akamwambia, "Basi na swala imefika, baba, katawadhe."

4. Hatua ya tatu: tazama kabla ya kununua dawa

Kosa letu kubwa ni kukimbilia dawa kabla ya kujua ugonjwa. Mshike kuku, mtazame kwa utaratibu: macho, pua, ndani ya mdomo, upanga wa kichwani, chini ya mbawa, mkunduni, miguu na kinyesi. Papasa mfupa wa kifua. Ukiwa mkali kama kisu, kuku amekonda muda mrefu na wewe hukujua. Kinyesi cha kawaida ni cha kahawia au kijivu chenye weupe juu yake. Haya ni baadhi ya magonjwa yanayojulikana sana kwetu:

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo na wengi hapa Uganda hukiita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako kiligunduliwa mwaka 1926. Kuku huhema kwa shida, huhara kijani, hupooza mguu au bawa, shingo hupinda. Huenea kwa kasi na huweza kumaliza karibu banda zima lisilochanjwa. Kideri hakina dawa. Pilipili, shubiri na majivu havikitibu, wala antibiotiki.

Koksidiosisi, ugonjwa wa kuhara damu, hupata zaidi vifaranga na kuku wachanga. Vijidudu vyake hukomaa kwenye matandiko yenye joto na unyevu, kwa hiyo msimu wa mvua ndio wake. Una dawa, na dawa bila kukausha banda ni kazi bure.

Ndui ya kuku hutoa vipele na magamba kwenye upanga na usoni. Mbu ni miongoni mwa wanaoieneza. Haina dawa ya kuiua, lakini wengi hupona wakitunzwa na vidonda vikisafishwa.

Mafua makali huvimbisha uso, hufumba macho na kutoa makamasi yenye harufu mbaya. Husababishwa na bakteria na huenea kwa hewa na kwa maji ya kunywa.

Minyoo, chawa na utitiri humkondesha kuku na kupausha upanga wake. Utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa za mbao mchana na kunyonya damu usiku, hivyo tazama banda kwa tochi usiku.

Wakifa kuku wengi kwa ghafla, acha kutibu na kuchinja. Usiwashike bila kinga, usile, usiuze. Mjulishe daktari wa mifugo wa serikali haraka. Mwezi wa Januari 2017 homa ya ndege ilithibitishwa hapa Uganda, kwa ndege wa porini ufukweni mwa Ziwa Victoria na kwa ndege wa kufugwa upande wa Masaka. Si hadithi za nchi za mbali.

5. Hatua ya nne: dawa kwa elimu

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na ponyo lake. Wengi tunaisoma hadithi hii kama ruhusa ya kumeza chochote. Ni mwito wa kutafuta elimu, kwa sababu ponyo la ugonjwa mmoja si ponyo la mwingine.

Nilikwenda mjini kwenye duka la dawa za mifugo nikiwa na picha na video fupi kwenye simu. Hii ni bora kuliko kumbeba kuku mgonjwa kwenye teksi, akaeneza ugonjwa njiani. Mtaalamu aliniuliza maswali: Ana umri gani? Amechanjwa? Wenzake wako vipi? Kinyesi kikoje? Shingo imepinda? Makamasi yananuka? Nilipojibu kuwa yananuka, kinyesi si kijani, na shingo iko sawa, akasema dalili zinaelekea mafua makali. Akatupa antibiotiki ya kuchanganya na maji, tuwape kuku wote watano kwa siku tano, kwa kuwa wote walikunywa chombo kimoja.

Alisisitiza mambo matatu. Pima kwa kipimo kilichoandikwa, usikisie. Changanya maji mapya kila siku na usiweke maji mengine pembeni. Maliza siku zote tano hata kuku akichangamka siku ya pili. Anayekatisha dawa, au anayempa kuku nusu ya vidonge vyake vilivyobaki hosteli, anafuga usugu wa vijidudu dhidi ya dawa. Vijidudu hivyo sugu haviishii kwa kuku. Kesho dawa hiyo hiyo itahitajika kwa mtoto hospitalini na haitafanya kazi.

6. Mayai ya rolex

Hapa, ndugu msomaji, ndipo mtihani ulipokuwa mkubwa kuliko ule wa mchuuzi.

Kwenye lebo ya dawa imeandikwa muda ambao mayai na nyama ya kuku aliyepewa dawa hazifai kuliwa na watu. Ya kwetu ilisema tusitumie mayai siku za dawa na siku saba baada yake. Siku 12 kwa jumla. Kahawa alikuwa ameacha kutaga, lakini wale wanne waliendelea kutaga kama kawaida.

Nilimsomea shangazi lebo. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Yakikaangwa na vitunguu, nani atajua?" Hakuuliza kwa kutaka niseme hapana wala ndiyo. Alikuwa anajiuliza mwenyewe.

Kwa kweli hakuna ambaye angejua. Dawa iliyomo ndani ya yai haina rangi wala ladha. Mwanafunzi anayenunua rolex saa mbili usiku kabla ya mtihani hana njia ya kuuliza. Huenda mwili wake hauipatani na dawa hiyo. Amekuamini kwa sababu tu umesimama nyuma ya kikaango. Amana ya namna hii haina shahidi isipokuwa Allah (S.W.).

Shangazi alikusanya mayai yale kila siku na kuyafukia nyuma ya nyumba. Aliyahesabu: yalifika 26. Kwa bei ya 500 kila moja ni 13,000, zaidi ya alichotaka kutoa mchuuzi kwa Kahawa. Katika siku hizo alinunua mayai mengine kwa biashara yake na faida ikapungua. Hakulaumu. Alisema tu, "Angalau usiku nalala."

7. Je, kumuuza ilikuwa haramu?

Sasa tujibu swali la shangazi. Kumuuza mnyama mgonjwa kwa anayejua ugonjwa wake si haramu kwa asili, na tumeona kuwa kuuza ni moja ya njia tatu zilizotajwa katika fiqhi. Haramu ni kuficha. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono akakuta ndani kumelowa. Mwenye mali akaeleza kuwa ilinyeshewa. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akamtoa mdanganyifu katika wafuasi wake. Imepokewa na Muslim.

Mchuuzi alijua Kahawa ni mgonjwa. Je, mnunuzi wa sokoni angejua? Na akimnunua kwa kufuga, akamweka na kuku wake kumi? Tulijua kuwa pesa ile ya haraka inategemea mtu mwingine asiambiwe. Tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui, kwa hiyo shangazi alimwambia mchuuzi hapana.

Na kuchinja je? Mjakazi wa Kaab bin Malik (R.A.) alimwona kondoo anakaribia kufa, akavunja jiwe akamchinja nalo, na Mtume (S.A.W.) akaruhusu aliwe. Basi mnyama mgonjwa akichinjwa kisheria angali hai, asili yake ni halali. Akifa kabla ya kuchinjwa ni mzoga, hata kama kisu kilikuwa njiani. Lakini Qur'ani imetuamrisha kula kilicho halali na kizuri, mambo mawili pamoja. Nyama yenye dawa ambayo muda wake haujaisha, au ya kuku mwenye ugonjwa wa kudhuru watu, imekosa sifa ya pili. Muulize mtaalamu kabla ya kuipeleka jikoni.

8. Asipopona

Wengine hawaponi, na kwa kideri wengi hawaponi. Kuku anayeteseka bila matumaini achinjwe kwa kisu kikali, kwa Bismillahi, mbali na macho ya wenzake. Kisu butu ni dhulma ya mwisho. Aliyekufa au asiyefaa kuliwa afukiwe shimo refu ambalo mbwa hawatalifukua. Asitupwe mtaroni wala mtoni. Mto Namatala unapita kwenye mashamba na nyumba za watu, na waliona mafuriko ya Julai 2022 wanajua kinachotupwa juu hufika chini.

Mwenye mapenzi ya kweli na kuku wake asingoje ugonjwa. Chanjo ya kideri hupewa kuku wangali wazima. Ipo aina iitwayo I-2, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, kwa sababu huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi mitatu hadi minne. Chupa moja huchanja kuku wengi, basi majirani wachangiane wachanje siku moja. Hiyo nayo ni daawa, na jirani asiye Mwislamu ataiona.

9. Mwisho wa habari ya Kahawa

Siku ya tatu Kahawa alikula posho mwenyewe. Siku ya tano jicho lilifunguka. Tulimweka tofauti mpaka dalili zote zilipoisha, na baada ya wiki kadhaa alitaga tena. Mtoto alikataa yai lile likaangwe.

Akaja jirani akimtaka Kahawa, amchanganye na kuku wake, na bei aliyoitaja ilikuwa nzuri. Mtaalamu alikuwa ametuonya: kuku aliyepona mafua makali anaweza kubaki na vijidudu akawaambukiza wengine ilhali yeye anaonekana mzima. Shangazi akamweleza jirani yote, tangu harufu ya makamasi mpaka dawa. Jirani akashukuru, akaenda zake bila kununua.

Ukihesabu kwa shilingi, shangazi alipata hasara mara tatu: kwa mchuuzi, kwa mayai na kwa jirani. Na lau Kahawa angekufa siku ya pili kama alivyobashiri mchuuzi, hesabu ingekuwa mbaya zaidi, na bado angekuwa ametimiza wajibu wake. Kupona kuko kwa Allah. Tutakaloulizwa sisi ni tulimfanyia nini tulipokuwa naye, na tuliwaambia nini watu.

Sisi wanafunzi leo tunasomea udaktari, sheria, biashara na ualimu. Kesho tutakabidhiwa wagonjwa, mafaili, fedha na watoto wa watu, na wengi wao hawatakuwa na njia ya kujua tulichokifanya nyuma ya kikaango. Tuanze kujizoeza kwa kile kidogo kilichoko mikononi mwetu sasa.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Unakaa hosteli na umepewa kuku utunze likizoni. Ameugua na mwenyewe hapatikani kwa simu. Una wajibu gani, na mpaka wa matumizi yako ni upi?
2. Hadithi ya kutokuwepo kuambukizana na ile ya kumtenga ngamia mgonjwa, utamwelezaje mwenzako anayeona zinapingana?
3. Muuza chakula amekwambia hana uwezo wa kutupa mayai ya siku 12. Utamshauri nini, na jumuiya yetu ingemsaidiaje?
4. Taja kazi moja katika fani yako ambayo mteja hana njia ya kujua kama umemdanganya.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie huruma kwa viumbe vyake na uaminifu pale tusipoonekana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.